Kutoka Barabara ya 13 hadi jimbo: Ulyankulu ilivyojijenga

Mwaka 1972 Tanzania ilifanya mambo mawili ambayo hayakupangwa pamoja, lakini mtu wa Ulyankulu ameishi ndani ya yote mawili. La kwanza, halmashauri za wilaya zilifutwa, madaraka yakapelekwa mikoani na wilayani, na shughuli zote zikawekwa mikononi mwa watendaji walioteuliwa na serikali kuu. La pili, malori yalianza kushusha wakimbizi katika miyombo ya kaskazini-magharibi mwa Tabora, mahali panapoitwa Ulyankulu. Walikuwa wamevuka mpaka kutoka Burundi wakikimbia mauaji ya mwaka huo chini ya utawala wa Michel Micombero, na serikali yetu haikutaka wakae karibu na mpaka wa Kigoma. Wakaletwa ndani kabisa ya nchi, katika ardhi iliyowahi kuwa ya Mtemi Mirambo, wakaonyeshwa pori na kuambiwa hapa ndipo patakuwa kwenu.

Kwa hiyo Ulyankulu ilianzishwa katika mwaka ambao hata raia wa wilayani alikuwa hana halmashauri ya kuibana. Jambo hili husahaulika tunapoeleza namna makazi yale yalivyokua. Tunaeleza kama vile sisi wenyeji tulikuwa tunajitawala tangu zamani na wao wakaja kupokelewa ndani ya utaratibu uliokamilika. Haikuwa hivyo. Wote tulikuwa tunajifunza, wao wakiwa wameanzia nyuma zaidi, na wakiwa na kufiwa juu yake.

Mimi ni mtoto wa upande wa Urambo, nyumba ya tumbaku. Kabla sijakanyaga Ulyankulu niliijua kwa masikio, kupitia kwaya ya Barabara ya 13. Nani hapa magharibi hajaisikia? Redio ilikuwa ikiitaja, nami utotoni nikidhani Barabara ya 13 ni mtaa wa mji mkubwa wenye taa. Kumbe ni njia ya vumbi, mojawapo ya zile zilizochongwa msituni na kupewa namba, mashamba na nyumba zikapangwa kuzifuata. Mtu hakusema anatoka kitongoji fulani au kwa mzee fulani. Alisema barabara yake. Watoto wamezaliwa, wameoa na wamezika wazazi wao katika anwani za namba, na leo wanazitamka kwa fahari ileile ambayo mtu wa Ujiji anatamka mtaa wake.

Hapa magharibi kuhamishwa si jambo la ajabu. Miaka ya 1920 na 1930 wakoloni waliwakusanya watu wa sehemu nyingi za Tabora katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, wakidai kwamba pori likifyekwa na watu wakikaa karibu karibu mbung'o wataisha. Baada ya vita vya pili Urambo ikatwaliwa kwa mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuporomoka miaka michache baadaye. Ardhi iliyobaki imesafishwa ikagawiwa wakulima wa tumbaku, na huko ndiko tumbaku yetu ilikopata nguvu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Familia ya bibi yangu upande wa mama ilihamishwa wakati huo. Miembe yao bado iko kwenye mahame, na kila msimu wajukuu huenda kuokota maembe mahali ambapo hakuna hata tofali moja lililobaki.

Lakini tofauti ilikuwepo, na ndiyo inayonifanya niandike. Bibi alihamishwa kwa nguvu, hilo sitalipamba. Hata hivyo, mwaka 1975 ilitungwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, na kile kijiji alichosukumiwa kikaandikishwa. Kikawa na mkutano mkuu wa watu wazima wote, kikawa na halmashauri iliyochaguliwa. Mwenyekiti akikosea, bibi angeweza kusimama mbele ya watu na kumwambia. Jirani yetu wa Ulyankulu naye alikuwa na viongozi wake, alikuwa na wenyeviti wa vijiji vya ndani ya makazi, lakini juu yao wote alikaa mkuu wa makazi, mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Huyo hakuchaguliwa na mtu wa barabara yoyote. Na sheria iliyomhusu mkazi ilikuwa ile ya mwaka 1965 ya kudhibiti wakimbizi, ambayo jina lake lenyewe linasema ilitungwa kwa nia gani.

Sheria hiyo niliiona kwa macho katika mabani ya baba, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku.

Kulikuwa na kaka mmoja kutoka makazini aliyekuja kila msimu kutusaidia kukausha. Alikuwa fundi wa moto kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Tumbaku ya mvuke haitaki mchezo. Ukishatundika majani ndani ya bani unawasha moto mdogo hadi yageuke manjano, ndipo unaongeza joto kidogo kidogo hadi jani likauke, kisha unaongeza tena hadi mshipa wa katikati ukauke kabisa. Ni kazi ya usiku na mchana kwa takriban juma zima. Ukizidisha joto mapema jani linaungua, ukilegeza moto linakuwa jeusi, na daraja linashuka pale pale. Kaka huyu alikuwa analala mlangoni mwa bani. Akishika ukuta kwa kiganja tu, anajua kama kuni ziongezwe au zitolewe.

Mfukoni mwa shati alikuwa na kibali. Karatasi iliyokunjwa mara nne, ikatiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili jasho lisiilowanishe, na juu yake jina lake, mahali anapokwenda, siku alizopewa na muhuri. Msimu mmoja siku zikaisha bani likiwa katikati. Baba akamwambia, "Mdogo wangu, malizia hili, mimi nitakueleza kwa wakubwa." Akakataa kwa adabu. Alitueleza sisi watoto moto uwe vipi usiku ule na kesho yake, akaosha uso, akapanda baiskeli. Alfajiri yetu ya pili moto ulitushinda. Baba hakumlaumu. Alisema yule ni mkulima mzima, anajua tumbaku kutuzidi, lakini muda wake unashikwa na mtu mwingine.

Nimekaa na picha hiyo miaka mingi, kwa sababu makazi yale yalikuwa yamejaa watu wa namna ile. Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la wakimbizi, UNHCR, serikali yetu na shirika la Kikristo la TCRS lililokuwa chini ya Walutheri walishirikiana kujenga: barabara, visima, shule, zahanati. Kazi hiyo ilifanyika na tushukuru. Lakini waliofyeka, waliong'oa visiki na kulima kwa jembe la mkono walikuwa wakazi wenyewe, na ndani ya miaka michache walikuwa wanajilisha na kuuza nje. Maharage na mihogo yao tulikuwa tunaila sisi Urambo na Tabora mjini. Mwaka 1980 makazi yakakabidhiwa rasmi kwa serikali kwamba yanajitegemea.

Si kwamba kila kitu kilienda vizuri. Watu walikuwa wengi kuliko ardhi na maji ya Ulyankulu yalivyoweza kubeba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu wakaondolewa tena kwenda kuanzisha makazi ya Mishamo, kusini, upande wa Mpanda. Fikiria mtu aliyepoteza nyumba Burundi, akajenga ya pili Ulyankulu, halafu anapakia vyungu kwenye lori kwenda kujenga ya tatu. Katumba, ambayo nayo iko upande huo wa Mpanda, ilikuwa imeshaanzishwa mwaka 1973. Hayo ndiyo makazi matatu ambayo kwa Kiswahili cha huku kwetu yanaitwa tu "makazi", na kila mtu anaelewa.

Sasa mtu atauliza, watu hawa wasio na halmashauri walijifunza wapi kujitawala? Jibu langu ni kanisani, kwenye chama cha msingi cha ushirika na kwenye kamati ya shule. Kwaya kubwa ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina daftari la michango, ina kikao cha kumwondoa kiongozi aliyekula fedha za sare. Chama cha msingi cha tumbaku kina mkutano wa wanachama ambao hawakubali makato bila kuelezwa. Mtu aliyesimama pale akadai hesabu ya mbolea hahitaji semina ya utawala bora. Halmashauri zetu za wilaya ziliporudishwa mwaka 1984, kwa zile sheria za serikali za mitaa za 1982, sisi wa nje tulianza kuchagua madiwani. Ndani ya makazi uzoefu ulikuwepo tayari. Kilichokosekana ni haki ya kuutumia.

Haki hiyo ilikawia sana. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania, ya Burundi na UNHCR walikubaliana kulimaliza suala la watu wa 1972. Katika makazi yote matatu walihesabiwa watu wapatao 218,000, na kila mmoja akaulizwa anataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Karibu asilimia 80 walichagua kubaki. Mwaka 2010 zaidi ya 162,000 wakakubaliwa kuwa raia. Ni uamuzi mkubwa mno, na naona sisi Watanzania hatujausimulia vya kutosha. Nchi chache duniani zimewahi kuwapa wakimbizi wengi hivyo uraia kwa mkupuo mmoja. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaonyesha njia mwaka 1980 kwa Wanyarwanda zaidi ya 30,000.

Ila kulikuwa na sharti. Ili mtu apewe cheti chake alitakiwa aondoke makazini, ahamie mikoa mingine, na makazi yafungwe. Hoja ya wakubwa ilikuwa kwamba wachanganyike na wananchi wenzao. Naielewa hoja hiyo, na bado nasema ilikuwa hoja mbaya. Walikuwa wameshachanganyika. Walikuwa wanauza kwenye minada yetu, wanaoa kwetu na sisi kwao, watoto wao wanazungumza Kiswahili cha Tabora kuliko Kirundi. Kuwatawanya kungekuwa kuvunja kile hasa kilichowafanya waweze kuwa raia.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyoniumiza zaidi kuiona. Mtu ameahidiwa uraia lakini hana karatasi, na wakati huohuo ameambiwa ajiandae kuhama. Nani atapanda miembe? Nani atapiga lipu nyumba? Nilipita huko wakati ule nikakuta nyumba zimefikia kwenye linta zikaachwa, matofali ya kuchoma yamepangwa pembeni yanaota majani. Na fedha za kukarabati shule au kuchimba kisima hazielekezwi mahali panapotarajiwa kufutwa. Mwaka 2011 zoezi la kuwahamisha likasimamishwa, lakini vyeti navyo vikakaa. Ni Oktoba 2014 ndipo ugawaji ulipoanza, na watu wakaambiwa wanaweza kubaki walipo.

Mwaka 2012, katikati ya kusubiri huko, Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo, na Ulyankulu ikawa ndani yake. Katumba, kule Katavi, ikajikuta ndani ya Halmashauri ya Nsimbo. Kisha mwaka 2015 Ulyankulu ikaingia kwenye uchaguzi mkuu ikiwa jimbo lenye mbunge wake. Zamani yote ilikuwa ndani ya Urambo Magharibi. Nilikuwa huko siku za kampeni. Wagombea waliosimama kwenye turubai waliomba kura kwa watu ambao muda si mrefu kabla walikuwa wanaomba kibali cha kwenda mnadani, na watu wale waliuliza maswali magumu! Bei ya tumbaku, dawa za zahanati, daraja linalokatika kila masika. Mgombea mmoja alianza kuwapongeza kwa kupewa uraia, mama mmoja akamkatisha akimtaka aende kwenye daraja.

Leo ukifika Ulyankulu siku ya mnada, usipoambiwa historia hutaijua. Kuna maduka ya pembejeo, mashine za kusaga, vibanda vya fedha za simu, bodaboda zimejipanga, mafundi wanachomelea mageti, nyumba za kulala wageni. Kata za Milambo, Kanindo na Igombemkulu zimewahi kuwa na madiwani waliokwenda kukaa kwenye baraza la Kaliua kama madiwani wengine. Wilaya nzima ya Kaliua imeongezeka kutoka watu 393,358 katika sensa ya 2012 hadi zaidi ya laki sita mwaka 2022. Vijiweni mazungumzo ni kwamba Ulyankulu sasa ni mji, basi iwe na mamlaka yake. Wengine wanataja mji mdogo, wengine wanaruka moja kwa moja hadi halmashauri. Hoja yao kubwa ni ya fedha: tumbaku ikiuzwa, ushuru wa asilimia 3 unakwenda halmashauri, na halmashauri iko Kaliua. Wanataka ushuru huo upangiwe matumizi na watu wanaopita kwenye lile daraja.

Nipo upande wao kabisa. Watu waliojenga mahali kwa mikono yao wana haki ya kupanga bajeti yake. Ila kuna jambo nalitaja kila ninapokaa nao, na wakati mwingine wananiona kama nawarudisha nyuma.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji ndicho kinachosimamia ardhi yake. Halmashauri ya kijiji inaisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na mgawo wa ardhi unapitia mkutano mkuu. Kijiji chenye cheti cha ardhi na mpango wa matumizi kinaweza kumpa mwanakijiji hatimiliki ya kimila. Eneo likishageuzwa kuwa mji na vijiji vikafutwa kuwa mitaa, uwezo huo unaondoka. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua za utambulisho na kusuluhisha majirani, lakini hagawi ardhi. Ramani inachorwa na maofisa, viwanja vinapimwa, na shamba la mtu linaweza kuwa viwanja ishirini ambavyo yeye mwenyewe hana fedha za kulipia hata kimoja. Tumeona hivyo pembezoni mwa miji mingi.

Kwa mtu wa Nzega au Igunga, yeye angalau amepitia hatua ya kijiji. Ameshazoea kwamba ardhi ni yake na kuna mkutano wa kuitetea. Mtu wa Ulyankulu kwa miongo minne alilima ardhi aliyokatiwa na wizara, na kama mkimbizi hakuweza kuimiliki. Akitolewa hapo na kuingizwa mjini moja kwa moja, atakuwa amevuka kutoka kwa mkuu wa makazi hadi kwa ofisa mipango miji bila kusimama hata siku moja mahali ambapo neno lake ndilo la mwisho. Ndiyo maana nasema: kwanza mipaka ya vijiji ieleweke, mashamba yaandikwe kwa majina ya walioyalima, wajane na mabinti wakiwemo. Ramani ya mji ije baada ya hapo, ikute kila mtu ana karatasi ya kujadiliana nayo.

Wapo wanaosema hilo litachelewesha maendeleo. Vijana hasa, na nawaelewa, wanataka taa za barabarani na kituo cha mabasi. Lakini mzee wa miaka sabini aliyehamishwa mara mbili maishani hawezi kuambiwa asubiri fidia.

Nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji kimoja huko, chini ya mti, watu wengi wamekaa kwenye baiskeli zao. Ajenda ya tatu ilikuwa barabara mpya itakayounganisha eneo la soko na shule. Mwenyekiti aliisoma haraka, akataka kuendelea na ya nne. Bibi mmoja akainuka, khanga begani, akashika fimbo yake.

"Mwenyekiti, mwanangu, hilo shamba inapopita nilipewa na mkuu wa makazi. Nikaja kuambiwa nihame, nikaja kuambiwa nibaki. Safari hii naomba niulizwe."

Mtendaji akasema jambo hilo lilishapitishwa. Kijana mmoja aliyekaa mbele akaomba muhtasari wa kikao kilichopitisha usomwe. Daftari likaletwa, kurasa zikafunuliwa mbele na nyuma, pakawa na mabishano ya tarehe, na ikaonekana wazi kwamba ajenda ya barabara ilitajwa lakini haikupigiwa kura. Watu wakaanza kupaza sauti. Mwenyekiti akatuliza, akauliza wanaotaka ramani iletwe na kusomwa hadharani kabla ya kigingi chochote kupigwa wanyooshe mikono. Ilinyooshwa mingi hadi katibu akaacha kuhesabu, mwenyekiti akamrudisha ahesabu yote, iandikwe. Kisha wakapanga siku ya kuitembelea hiyo njia kwa miguu, wakianzia shambani kwa bibi.